Juma la Raha na Hatua za Mdogo

Yaulizwa mara nyingi kama raha ni kitu kiwezacho kupangwa. Kazi hupangwa: shamba hupimwa, mbegu huhesabiwa, siku ya kupanda hujulikana mapema. Lakini raha? Wako wasemao kwamba raha ni kama usingizi. Mtu hutandika kitanda tu, na usingizi huja wenyewe au hukataa. Wengine hujibu kwamba asiyepanga mapumziko yake hatapumzika kamwe, maana kazi huingia katika kila nafasi iliyoachwa wazi, kama maji katika mtumbwi uliotoboka. Swali hili laonekana dogo, swali la watu wasio na shida. Hata hivyo liko pahali ulimwenguni ambapo limekuwa zito, hata mume na mke huweza kubishana juu yake miezi mitatu kabla ya kufunga mizigo. Na msomaji akilichungua ataona chini yake swali jingine, la zamani zaidi: mwenye nguvu amtendeeje mdogo anayetembea pamoja naye?

Pahali penyewe ni mji wa Orlando, katika jimbo la Florida, kusini mashariki ya Marekani. Zamani nchi hiyo ilikuwa ya michungwa, malisho ya ng'ombe na vinamasi. Katika miaka ya 1960 kampuni ya Walt Disney ilinunua huko ardhi ya kilometa za mraba zipatazo 110, kimya kimya na kwa majina ya makampuni mengine, ili wenye mashamba wasipandishe bei. Tarehe 1 Oktoba 1971 ikafungua bustani ya burudani iitwayo Magic Kingdom. Nyingine tatu zikafuata mwaka 1982, 1989 na 1998. Kampuni ya Universal nayo ikajenga zake, ya kwanza mwaka 1990, na ile ya Epic Universe mwezi wa Mei 2025. Asiyepata kuziona bustani hizo asifikiri maua. Ndani yake mna ngome za hadithi, mito iliyochimbwa kwa mashine, vigari vinavyoporomoka juu ya reli gizani, watu waliovaa sura za wanyama wa michoro, na umati uendao toka chombo kimoja hata kingine tangu asubuhi hata usiku. Na nje ya bustani, karibu na barabara kuu, yamejengwa maduka mengi yaliyopangana, yauzayo nguo, viatu na mikoba kwa bei isemekanayo kuwa imepunguzwa. Wageni wengi huyaunganisha hayo mawili katika safari moja: bustani kwa ajili ya watoto, maduka kwa ajili ya mwaka mzima wa shule.

Chukua mfano wa nyumba moja ikaayo Louisville, jimbo la Kentucky, mji ambamo jamaa nyingi zilizotoka Kongo zimepata makao. Baba afanya kazi katika ghala, mama hospitalini. Watoto ni watatu: mkubwa ana miaka 12, wa kati 8, mdogo 4. Waajiri wamewapa juma moja. Toka Louisville hata Orlando ni kilometa zipatazo 1,400 kwa barabara, kupita Tennessee na Georgia. Kwa watu wenye mtoto mdogo garini ni safari ya siku mbili. Basi hesabu ni fupi: siku mbili kwenda, mbili kurudi, zabaki tatu. Hizo tatu ndizo zinazogombaniwa. Mmoja atasema bustani mbili na siku moja ya maduka. Mwingine atasema bustani tatu, na maduka usiku. Kisha baba atatoa shauri ambalo akina baba wengi hulitoa: wasafiri usiku kucha, waipate siku ya nne. Shauri hilo halihitaji falsafa. Mwenye kusinzia penye usukani ameziweka roho tano juu ya mizani ili apate saa kumi na mbili za michezo. Na alale kwanza.

Yafaa kusema kwa haki kwamba si ulafi tu unaowafanya watu wazibane siku hivyo. Nchini Marekani hakuna sheria ya taifa zima inayomlazimu mwajiri kumlipa mfanyakazi siku za mapumziko. Ufaransa ilitunga sheria ya namna hiyo mwaka 1936, majuma mawili kwa mwaka, nayo sasa yamekuwa matano. Ubelgiji ilianza mwaka uo huo kwa siku sita. Mfanyakazi wa Marekani hutegemea mapatano yake na bwana wa kazi. Mwenye majuma matano aweza kupoteza alasiri moja bila kuona hasara. Mwenye juma moja huitazama alasiri kama msafiri wa jangwani atazamavyo kibuyu cha maji. Bei nayo huzidisha woga. Mwaka 1971 mtu mzima aliingia Magic Kingdom kwa dola 3.50, kisha akavilipia vyombo kwa tikiti nyingine. Mwaka 2025 tikiti ya siku moja, vyombo vikiwa ndani yake, ilifika karibu dola 200 katika siku zenye watu wengi kabisa, na watoto wa miaka mitatu hata tisa hupunguziwa kidogo tu. Zidisha kwa watu watano, uongeze petroli, hoteli na chakula. Wazee walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Basi anayeketi usiku mezani na daftari yake, akiandika na kufuta, asichekwe. Anailinda jasho yake na ya mkewe.

Kupanga, basi, ni wema. Lakini kupanga kwa ajili ya nini? Aristotle, mwenye hekima wa Wagiriki, alifundisha ya kuwa mchezo si kikomo cha maisha. Mtu hucheza apate kurudia mambo yaliyo bora, kwa kuwa hawezi kufanya kazi pasipo kukoma. Tomaso wa Akwino, katika karne ya 13, alilitwaa fundisho hilo, akasema kwamba roho pia huchoka kama mwili uchokavyo, na mchezo ni pumziko lake. Akakumbusha hadithi ya kale ya mpiga upinde aliyeulizwa kama aweza kuuvuta upinde wake daima bila kuulegeza, naye akajibu kwamba ungevunjika. Lakini Tomaso aliweka na mipaka: mchezo uwe wa adabu, usimpotezee mtu kiasi chake, tena umfae mtu, mahali na wakati. Neno hilo la kumfaa mtu ndilo lenye kazi hapa. Mchezo umfaao kijana wa miaka 12 haumfai mtoto wa miaka 4, wala pumziko la mama aliyesimama mwaka mzima kando ya vitanda vya wagonjwa si kutembea kutwa nzima juu ya saruji. Katika gari moja mna pinde tano, na kila upinde una kamba yake na mlegezo wake.

Ajabu ni kwamba bustani hizi zilizaliwa kwa shauku ya kuwa pamoja. Walt Disney alisimulia zaidi ya mara moja kwamba wazo lilimjia alipokuwa ameketi juu ya benchi katika bustani ya Griffith, mjini Los Angeles, akiwatazama binti zake wawili wakizunguka juu ya farasi wa mbao. Watoto walicheza, yeye hakuwa na la kufanya. Akawaza kwamba yafaa pajengwe mahali ambapo wazazi na watoto wangefurahi kwa pamoja. Bustani ya kwanza ilifunguliwa huko California tarehe 17 Julai 1955. Mwenyewe alikufa Desemba 1966, kabla ile ya Florida haijafunguliwa. Siku hizi mzazi mwenye mpango uliokamilika hapati nafasi ya kuketi penye benchi. Akiketi, mpango umeharibika.

Maana tazama jinsi mpango wenyewe unavyofanywa. Tangu Julai 2024, alalaye katika hoteli za Disney aweza kulipia njia ya haraka ya vyombo kadhaa, na kuvichagua siku saba kabla ya kufika. Alalaye hoteli nyingine za mji, ambazo mara nyingi ni za bei nafuu, huchagua siku tatu kabla. Nafasi hufunguliwa saa moja asubuhi, na zile zipendwazo huisha upesi. Kwa hiyo mama, siku tatu kabla ya raha, yu macho mapema na simu yake ya mkononi, akiandika: chombo hiki saa nne na nusu, kile saa sita, kile kingine saa tisa, na kila kimoja kina muda wake wa kufika, saa moja tu. Hakuna ubaya katika hayo. Ubaya huanza pale lango la bustani linapofunguliwa, nayo karatasi ikawa bwana. Kabla ya hapo watu hawa watano walikuwa baba, mama na watoto. Sasa wamekuwa wenye kuwahi na wenye kuchelewesha. Mdogo amemwona bata akiogelea pamoja na vifaranga vyake katika mfereji wa maji, naye amesimama kumtazama. Bata huyo hana tikiti wala saa, na kwa mtoto yeye ndiye tendo kubwa la siku nzima. Kwa karatasi yeye ni dakika sita zilizopotea. Mtoto avutwa mkono.

Mwezi wa Julai joto la Orlando hupita nyuzi 32, na alasiri nyingi hushuka mvua ya radi. Saa nane mchana mtoto wa miaka 4 aketi chini katikati ya njia na kulia. Hana ugonjwa, nguvu zimemwishia tu. Hapo husikika neno lisikikalo mara nyingi sana mahali kama hapo: «Tumekwisha kulipa.» Maana yake, twende tu. Neno hilo lastahili kupimwa polepole, kwa sababu lina sura ya uwekevu na ndani yake hamna uwekevu wowote.

Mwaka 1985 wataalamu wawili wa Marekani, Hal Arkes na Catherine Blumer, walitoa uchunguzi juu ya jambo hili hasa. Waliwauliza wanafunzi swali la namna hii: umenunua tikiti ya dola 100 ya kwenda kuteleza juu ya theluji Michigan, kisha nyingine ya dola 50 ya kwenda Wisconsin, nawe wajua kwamba Wisconsin utafurahi zaidi. Halafu wagundua kwamba safari zote mbili ni za siku zile zile, wala fedha hairudishwi. Utakwenda wapi? Zaidi ya nusu yao walichagua Michigan. Walichagua furaha iliyo ndogo kwa sababu iliwagharimu zaidi! Lakini zile dola 150 zilikuwa zimekwisha kutoka mfukoni, waende huku, waende huko, au walale nyumbani. Kwenda pasipopendeza hakumrudishii mtu hata senti moja. Humwongezea tu siku mbaya juu ya fedha iliyokwenda. Ni vivyo hivyo kwa baba anayemburuta mtoto saa nane mchana. Tikiti imelipwa. Akibaki, imelipwa, akirudi hotelini, imelipwa. Swali lililobaki mkononi mwake ni moja tu, nalo ni jinsi saa nne zijazo zitakavyokuwa kwa watu hawa watano.

Na zaidi ya kosa la hesabu, liko kosa la haki. Aliyelipa ni baba na mama; mtoto hakuulizwa shauri, wala hakuahidi kitu. Lakini neno «tumekwisha kulipa» lamgeuza kuwa mdeni wa fedha asiyoikopa, na malipo anayodaiwa ni miguu yake, na baada ya miguu uso wa kucheka, kwa kuwa picha nayo yatakiwa mbele ya ngome. Mtu akimwalika mgeni, kisha akamlazimisha kula akiwa ameshiba kwa kuwa nyama ilikuwa ya bei kubwa, ni nani ataiita hiyo karamu? Zawadi idaiyo hivyo imeacha kuwa zawadi. Ni kweli, mtoto hana budi kufundishwa kuvumilia. Asiyejifunza kungoja hatajua kuishi na watu. Lakini uvumilivu hufundishwa kwa kipimo, palipo na sababu mtoto aweza kuielewa, na mtoto wa miaka 4 haelewi bei ya tikiti.

Liko pia jambo la mstari, na hapa wengine watakataa. Tangu mwaka 1999 bustani za Disney za Florida zilikuwa na njia ya haraka isiyolipiwa: kila mwenye tikiti aliweza kujiandikia saa ya kurudi. Njia hiyo ilikoma pamoja na kufungwa kwa bustani mwaka 2020, na tangu Oktoba 2021 ile iliyotwaa mahali pake hulipiwa, kwa bei ibadilikayo siku kwa siku. Watetezi husema kwamba ni biashara kama biashara nyingine. Mwenye fedha hula nyama nono, na asiye nayo hula maharage, wala hakuna aliyedhulumiwa. Je, mfano huo wafaa? Nyama ya tajiri haikutolewa katika sahani ya maskini. Lakini chombo cha bustani kina viti vyake, na kwa saa moja huchukua watu wake, hakiongezi hata mmoja. Dakika arobaini azipatazo mwenye njia ya haraka zimetoka mahali fulani, nazo zimetoka kwa wale waliosimama katika mstari wa kawaida, ambao humwona akipita. Michael Sandel, mwalimu wa falsafa katika chuo kikuu cha Harvard, aliuandika mwaka 2012 mfano huu huu wa kuuza nafasi katika mstari, akiuliza ni mambo gani yasiyofaa kuachiwa soko. Mstari una haki yake ya kienyeji, inayojulikana kisimani na kwenye kinu cha mahindi: aliyetangulia hutangulia. Huvunjwa kwa ajili ya mjamzito, mgonjwa na mzee, na hakuna anayenung'unika.

Hata hivyo asihukumiwe kwa haraka mama wa Louisville aliyelipa ili mtoto wake asisimame saa moja juani. Ameikuta desturi, hakuibuni. Na kulipa kwake kwamtazama aliye mdogo. Lawama, kama ipo, iende kwa waliogeuza kungoja kuwa bidhaa. Tena bustani zile zile zina kanuni moja iliyo njema kweli, isiyolipiwa. Chombo cha gizani kiitwacho Space Mountain hakimpokei mtoto aliye chini ya sentimeta 112, naye mtoto wa miaka 4 kwa kawaida hajafika hapo; hupimwa penye mti wa kipimo, na mara nyingi hulia. Basi mzazi mmoja huingia na wakubwa, mwingine hubaki na mdogo, kisha hupokezana, na yule wa pili hapangi mstari upya. Hapo mstari umevunjwa kwa ajili ya mdogo na wa kumtunza, kama kisimani. Kinyume chake ni mlango wa wapandao peke yao, ambao vyombo vingine vinao: atakaye kujaza kiti kilichobaki wazi hupita upesi. Kwa mtu aliyekuja peke yake ni neema tupu, wala hamdhulumu yeyote. Lakini huonekana pia watu wa nyumba moja wakigawanyika hapo ili kuokoa nusu saa, kila mmoja akapiga kelele zake za furaha kando ya mgeni. Wametoka mbali mno kuja kufanya hivyo.

Sasa maduka. Chanzo chake kilikuwa cha unyofu: viwanda viliwauzia wafanyakazi na majirani vitu vilivyobaki au vyenye dosari, na katika miaka ya 1970 mji wa Reading, jimbo la Pennsylvania, ulijulikana kwa maduka ya namna hiyo. Siku hizi sehemu kubwa ya bidhaa zionekanazo katika maduka hayo zimetengenezwa kwa ajili ya maduka hayo yenyewe, mara nyingi kwa kitambaa hafifu zaidi. Hazikupata kuuzwa penginepo. Lakini kibandiko huonyesha bei mbili, ya juu imekatwa, ya chini imeandikwa kwa rangi nyekundu. Bei iliyokatwa ni ya wapi, ikiwa shati halikupata kuuzwa kwa bei hiyo? Kanuni za serikali ya Marekani zasema kwamba bei ya zamani itajwayo iwe ni ile iliyoombwa kweli, hadharani na kwa muda wa kutosha. Mwezi wa Januari 2014 wajumbe wanne wa bunge la nchi hiyo waliiandikia mamlaka ya biashara, wakiomba maduka haya yachunguzwe kwa ajili ya jambo hilo.

Uongo wa kibandiko ni wa muuzaji. Lakini uko na uongo ambao mnunuzi hujiambia mwenyewe. Aliyetoa dola 40 kwa kitu kilichoandikwa 100 hurudi akijisifu kwamba ameokoa 60. Atazame mfuko wake: zimetoka 40. Dola 60 hizo hazikuwahi kuwamo. Mama aliyekuja na orodha, viatu viwili vya shule, koti moja la baridi, na nguo za kupeleka kwa ndugu walioko Bukavu, aweza kupata faida ya kweli, na aipate. Ameujua uhitaji wake kabla ya kuiona bei. Asiye na orodha hufundishwa uhitaji na kibandiko. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na ni nadra bidhaa kujitembeza kuliko katika uwanja ule. Na wakati huo wote, saa ya tatu sasa, mdogo yuko wapi? Ameketi juu ya mifuko, karibu na mlango wa duka la viatu, akiuliza kama nyumba iko mbali.

Litainuka shaka, nalo ni la haki. Kama gari zima liende kwa hatua za mdogo, mkubwa je? Ana miaka 12. Yamkini hatarudi Florida mpaka awe mtu mzima mwenye fedha zake. Ameingoja safari hii tangu mwaka jana, amevisoma vyombo vyote na urefu wake. Kumrudisha hotelini saa saba mchana kwa sababu mdogo wake amechoka ni kumwonea yeye ili kumhurumia mwingine. Jibu si kwamba mdogo ashinde daima. Kwenda kwa hatua za mdogo maana yake ni kwamba yeye asiburutwe, wala mwingine asifungwe kwake kutwa nzima. Watu watano waweza kugawanyika mchana na kukutana jioni, mradi wagawanyike kwa kupatana, wala si kwa sababu aliyelia ameachwa nyuma. Mkubwa aulizwe: vyombo viwili ambavyo hatakubali kuvikosa ni vipi? Viandikwe hivyo kwa wino, na vingine vyote kwa kalamu ya risasi. Asubuhi, kabla ya joto, waende wote. Alasiri, wenye nguvu wabaki. Tikiti za siku nyingi hupunguza bei ya kila siku inayoongezwa, na ndiyo sababu watu hushawishika kuziongeza. Lakini siku moja iliyoachwa tupu, bila bustani wala duka, hulipiwa kitanda tu.

Lakini katika mapatano hayo jambo moja husahauliwa karibu katika kila nyumba. Kando ya saa saba mchana pameandikwa katika daftari kwamba mdogo arudi kulala. Jina la atakayerudi naye halikuandikwa, kwa kuwa kila mtu amekwisha kulijua. Mama alirudi naye siku ya kwanza. Siku ya pili atarudi tena, na ya tatu atasukuma kigari cha mtoto kati ya maduka, akiwa amebeba mifuko ya wengine. Kisha atakaporudi hospitalini wenzake watamwuliza kama amepumzika. Yeye ndiye aliyeamka mapema na simu kuchagua vyombo, na huenda hakupanda hata kimoja. Baba achukue siku ya pili. Amlaze mtoto, pazia limefungwa, asikilize mvua ya radi ikipita, na ajue saa tatu za hoteli zina urefu gani. Mama naye aende na wakubwa kwenye kile chombo cha gizani. Au, kama hakipendi, aketi benchini na aiskrimu yake, pasipo mtoto wa mtu yeyote magotini.